Kanisa Jirani na Duka la Bangi

Bronx, New York
9 Januari 2025

Dada Verdelle mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa na kwa heshima zote zinazostahili, naomba kukutaarifu wewe, ukoo mzima wa Gadsden, na yeyote hapo Orangeburg mwenye tabia ya kusoma barua za wenzake, kwamba Jumanne asubuhi mimi, Thurman Gadsden, mwenye duka, nilikataliwa kuingia dukani mwangu.

Sikufanya fujo. Nilisahau kitambulisho nyumbani. Sheria ya biashara yetu ni kwamba hapiti mtu mlangoni bila kuonyesha kitambulisho, awe kijana wa chuo au bibi kizee wa mkongojo, na binti niliyemweka mlangoni, Yesenia, ameishika sheria hiyo kuliko walioitunga. Nikamwambia, "Yesenia, mimi ndiye ninayekulipa mshahara." Akanitazama kuanzia kiatuni hadi kwenye upara. "Baba, uzee nauona. Kitambulisho sikioni." Foleni nzima ikacheka. Nikarudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, na nilipokuja tena wateja walikuwa wameshanipa jina. Sasa naitwa Mtoto.

Hilo ndilo lililokuwa tangazo. Zilizobaki ni habari ndogo ndogo.

Duka linakua. Nimekodi mahali pa duka la pili, Mtaa wa Burnside, chini ya reli ya juu. Ni milango miwili iliyopakana: mmoja utakuwa duka, wa pili chumba cha kuwasaidia watu kufutiwa rekodi zao za zamani za jinai. Maombi ya leseni yako ofisini. Nimewaahidi kazi watu wanane, wote wa hapahapa, wote waliwahi kufungwa kwa majani haya haya ninayoyauza leo nikiwa nimevaa tai. Unakumbuka jimbo lilivyoamua, kwamba tuliofungwa kwa bangi tupewe leseni kwanza. Ni mara ya kwanza maishani kosa langu kunisogeza mbele ya foleni.

La mwisho litakufurahisha. Mtambo wa joto wa kanisa lako la zamani umekufa na mwenye nyumba hapokei simu. Jumapili iliyopita Mama Ernestine aliimba amevaa makoti mawili. Basi nimewapa kile chumba cha mlango wa pili, bure, mpaka watakapopata pao. Hata kibao chao nimekitundika mimi mwenyewe juu ya mlango, ngazi ikitikisika, kina mama wakiniombea chini kwa sauti ya kutia hofu. Chemchemi ya Sharoni, kwa herufi za dhahabu. Kimependeza sana.

Njoo kwenye ufunguzi, Dada. Ni mwezi wa tatu. Nitakupokea kituoni.

Mdogo wako,
Thurman


Orangeburg, South Carolina
21 Januari 2025

Thurman,

Huyo Yesenia mwongezee mshahara. Ni mtu wa kwanza kukuzuia mlangoni tangu nilipoondoka Bronx.

Kwenye ufunguzi usiningojee. Wewe ulikaa ndani miaka mitatu, na pole ulishapewa. Lakini aliyepanda basi la alfajiri kila mwezi kwenda huko gerezani, kuku wa kukaanga kwenye mapaja, ni mimi. Nilipekuliwa hadi ndani ya soksi na askari ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mimi nikaingia, kuku akabaki nje. Leo wakubwa wamekaa wakaamua kwamba yale majani ni biashara halali. Sawa. Mimi hawakuniuliza, na kuku wangu hawajanirudishia.

Sikuombei mabaya. Uza, ukue, waajiri hao watu wako. Mimi tu usinipange mstari wa mbele nikate utepe.

Kuhusu kanisa umefanya vizuri, na hilo nalisema bila kuuma maneno. Mama yetu alikuwa pale kabla halijapata hata madirisha. Nami unajua nilisimama mlangoni miaka mingapi. Nani anasimama sasa? Floretta, niliyemwachia nafasi yangu, ananiambia nyonga yake imegoma. Kanisa lisilo na mhudumu mlangoni ni kama kituo cha basi, kila mtu anaingia na mvua yake.

Vaa kofia. Upara hauoti moto.

Verdelle


Bronx, New York
17 Februari 2025

Dada Verdelle,

Kofia nimevaa. Yesenia anasema sasa nafanana na picha ya kwenye kitambulisho, ambayo nilipigwa nikiwa na homa.

Kanisa limestawi. Jumapili nakwenda upande wa duka kupanga rafu, nasikia nyimbo ukutani, na najikuta napigilia misumari kwa kufuata ngoma. Wiki jana Mama Ernestine alivuka kuja kunitembelea. Alisimama katikati ya chumba akavuta hewa kwa pua. "Thurman, mbona hapa hapanuki kitu?" Nikamwambia mzigo bado haujaletwa. "Basi ukiletwa uniite," akasema. "Magoti yangu nayo yana maswali." Nikamwambia ipo dawa ya kupaka. Akaniambia hakuuliza namna, kauliza lini.

Mlangoni hakuna mtu, ni kweli. Watu wanajikaribisha wenyewe, na viatu vyao vina theluji.

Ufunguzi utachelewa kidogo. Ni mambo ya umeme tu. Mafundi wa jiji hili unawajua. Bwana mmoja wa ofisi ya leseni naye alipita na gurudumu lake la kupimia, akalisukuma kando ya barabara taratibu kama anayetembeza mtoto mchanga. Mtu mpole kabisa. Alikisifia kibao.

Nisalimie jirani yako mwenye mbwa.

Mdogo wako,
Thurman


Orangeburg, South Carolina
3 Machi 2025

Thurman,

Umeme. Ndivyo ulivyoniandikia.

Floretta amenipigia simu. Anasema yule bwana wa gurudumu alipima kutoka mlango wa duka lako hadi mlango wa kanisa, akaandika, akatikisa kichwa. Anasema tangu siku hiyo hupiti mbele ya kanisa bila kuinamia viatu vyako. Kina mama wananong'ona kwamba unataka kuwafukuza ili uuze majani yako kwa nafasi. Mama Ernestine amewakemea. Amewaambia, "Huyu ni mtoto wa Hattie, hawezi." Ametaja jina la mama yetu, nami hapa jikoni nikamwambia Floretta kwamba nitakuuliza kwanza.

Niambie ni uongo. Usiniandikie habari za Yesenia, wala za magoti ya mtu.

Ulipokuwa na miaka ishirini nilikuuliza kuna nini chini ya kitanda. Ukasema viatu. Nikakuamini, na asubuhi yake polisi walivunja mlango. Safari hii nauliza mara moja tu.

Verdelle


Bronx, New York
9 Machi 2025

Dada,

Si umeme.

Sheria inasema duka la bangi lisikaribiane na nyumba ya ibada kwenye mtaa mmoja. Nilipopeleka maombi, hapakuwa na nyumba ya ibada pale. Ikaja baadaye, na aliyeileta ni mimi. Aliyepanda ngazi kutundika kibao ili mtu wa ofisi akisome akiwa ng'ambo ya barabara ni mimi, na herufi kubwa nilizichagua mimi. Mchoraji alitaka za wastani. Jiji hili lina kila aina ya wajinga, lakini nadhani ni mmoja tu aliyejijengea kizuizi mlangoni kwake kisha akakipaka dhahabu.

Ofisi imenipa hadi mwisho wa Machi. Kanisa litoke, au maombi yangu yafutwe na nianze upya mkiani mwa foleni. Foleni hiyo ni ya miaka, na siwezi kulipia milango miwili muda wote huo bila kuuza kitu. Nikishindwa, duka la pili limekufa.

Najua utasema nachagua majani. Ngoja nikutajie ninaowachagua, maana wengi unawajua. Yupo Rasheen, mjukuu wa Mama Ernestine. Kila anapoomba kazi anaulizwa lile swali la rekodi, na mahojiano yanaishia hapo. Yupo Lamont wa Floretta, ana miaka arobaini na kitu na analala kwenye kochi la mama yake. Yupo Bootsie, uliyemfundisha kusoma kwenye shule ya Jumapili, na ambaye mpaka leo akisoma anafuatisha kwa kidole. Yaritza, aliyekuwa akisuka nywele kona ya Mtaa wa Jerome. Wale ndugu wawili wa Toussaint. Clemmie. Na Orville, aliyelala kitanda cha juu yangu gerezani na hakuniibia hata sabuni. Wote wameshamaliza mafunzo. Orville amenunua shati.

Kina mama wanajua kwamba wanao wameahidiwa kazi. Hawajui kwamba viti walivyokalia ndivyo vinavyoizuia. Kila nikienda kuwaambia namkuta Mama Ernestine amevua viatu, ameweka miguu karibu na kipasha joto, anatabasamu akiwa amefumba macho. Nauliza kama wanahitaji taulo za karatasi. Chumba kile sasa kina taulo za karatasi za kutosha hospitali.

Uliniuliza mara moja, na hilo ndilo jibu langu. Nitakachofanya sijakijua.

Thurman


Orangeburg, South Carolina
17 Machi 2025

Thurman,

Ndani ya bahasha kuna glovu zangu nyeupe. Jumapili hii ya tarehe ishirini na tatu utasimama mlangoni pa kanisa, kwa sababu Floretta hawezi na mwingine hayupo.

Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Usiongee wakati wa maombi. Usimkaribishe mtu kwa ile sauti yako ya dukani. Mwenye mtoto anayelia umwonyeshe kiti cha pembeni, bila kumkazia macho.

Mengine usiniulize.

Verdelle

Zifuliwe kwa mkono.


Bronx, New York
8 Aprili 2025

Dada Verdelle,

Gazeti la mtaani limeandika kwamba mfanyabiashara Thurman Gadsden, kwa moyo wake wa ukarimu, amelipatia kanisa makao mapya. Picha yangu ipo, nimevaa glovu zako, nimetoa macho kama niliyeshtukia kamera. Yesenia ameikata na kuibandika mlangoni, na chini yake kaandika: Hata huyu aonyeshe kitambulisho.

Sitaki uisome habari hiyo gazetini. Nakuandikia ilivyokuwa.

Jumapili ile nilikwenda kuwafukuza. Nilivaa glovu, na kwenye mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na notisi. Niliiandika mwenyewe kwa lugha ya kiofisi, ili ionekane imeandikwa na mtu mwingine. Glovu zako nilizielewa vibaya. Nilidhani umezituma kunikumbusha nisimame upande wa nani, nikakukasirikia njia nzima. Nilijiambia, Verdelle amekaa huko kusini kwenye joto lake, mimi nina watu wanane na mwisho wa mwezi. Mpango wangu ulikuwa kumpa Mchungaji Broadnax karatasi baada ya baraka ya mwisho, kisha niondoke kwa mwendo wa haraka usioitwa kukimbia.

Nikasimama, mkono wa kushoto nyuma. Mama Ernestine alipofika alinikagua juu hadi chini. "Verdelle amerefuka," akasema, "na kaota kitambi." Watu wakaingia. Niliwashika mkono wote, na mwenye mtoto anayelia nilimwonyesha kiti cha pembeni bila kumkazia macho. Sitakudanganya kwamba nilisikia mahubiri. Nilikuwa nasikia karatasi tu, kila nikipumua.

Baraka ikatolewa. Nikapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani. Dada, glovu za pamba na karatasi laini havishikani. Nilipapasa, ikateleza, nikapapasa tena, jasho likinitoka. Floretta akasema, "Thurman, ni moyo?" Na kabla sijajibu alikuwa ameshaanza kuita watu walete maji.

Mama Ernestine akagonga sakafu kwa fimbo. "Mwacheni. Si moyo. Anatafuta barua ya kutufukuza. Kaa chini, mwanangu, utaanguka."

Nikakaa. Nikaanza kueleza habari ya sheria, na mtaa, na mwisho wa Machi. Nikaona nyuso zao hazishangai.

"Dada yako alipiga simu Jumatano," Mama Ernestine akaniambia. "Nilidhani anataka kukutukana, nikavuta kiti nisikilize vizuri. Akasema sheria ni hii, akaieleza mara moja. Halafu akasoma majina. Polepole, kama anaita mahudhurio ya shule ya Jumapili. Alipofika kwa Rasheen nikamwambia inatosha, nimeelewa. Akasema, samahani Mama, wengine bado. Akasoma mpaka mwisho. Akaniaga akakata simu. Hakutuambia tufanye nini."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia kitu tangu Jumatano.

"Na wewe je?" akasema Floretta. "Tangu Februari. Umetuletea taulo za karatasi mpaka ningeweza kuzifungulia duka."

Walikuwa wameshazungumza na Pettway, yule wa nyumba ya mazishi. Ukumbi wake uko nyuma ya kona, mtaa mwingine kabisa. Una joto, viti na kinanda, na Jumapili asubuhi hazikwi mtu. Miezi yote ile mimi nilikuwa nachagua kati ya duka na kanisa, sikuwahi kuwaza kwamba kanisa lina miguu. Mama Ernestine anasema pamemfaa: siku yake ikifika hatahitaji hata gari, watamhamisha chumba tu.

Lakini si wote walikubali, na hilo gazeti halikuliandika. Shemasi Tisdale alisimama akasema kanisa la Mungu halihamishwi kupisha bangi, na kwamba kama ingekuwa pombe wangekuwa wanapiga kelele. Mama Ernestine akamjibu, "Mimi sipishi bangi. Nampisha Rasheen." Shemasi akasema Rasheen angeweza kuuza mikate. "Aliomba kuuza mikate," Mama akasema. "Uliza walimwambia nini." Shemasi akachukua kofia yake akaondoka, na hajarudi hadi leo. Nimekwenda kwake mara mbili. Namsikia ndani, redio inapunguzwa sauti, mlango haufunguliwi. Siwezi kusema amekosea kila kitu. Hata wewe usingesema hivyo.

Jumamosi iliyofuata walihama. Lamont na Bootsie walibeba viti, ndugu wa Toussaint wakabeba meza, na Orville alikuja na lile shati lake jipya, akakataa kulivua. Kibao nilikitoa mimi, ngazi ile ile, na aliyeishikilia chini ni Mama Ernestine. Safari hii hakuniombea. Aliniambia tu nifanye haraka, mikono inamganda. Chumba kilipobaki kitupu alirudi peke yake akaweka kiganja juu ya kipasha joto, akakaa hivyo kidogo, kisha akavaa glovu zake akatoka. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia viatu.

Leseni imetoka jana. Nimewaambia wote wanane pamoja, dukani, kwa hotuba niliyoiandaa, na hakuna aliyeisikiliza kwa sababu Rasheen alikuwa ameshatoka nje kumpigia bibi yake simu.

Notisi bado iko mfukoni mwa koti. Naiacha humo. Glovu nazo sizirudishi, usiziulize. Jumapili nasimama mlangoni kwa Pettway, mpaka Floretta apone nyonga, naye anasema haoni dalili. Nazifua kwa mkono.

Ufunguzi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Sikuombi uje. Najua habari za basi, na najua habari za kuku. Ulipowasomea yale majina hukunifanyia mimi, hilo pia nalijua.

Ila ikitokea umekuja, beba kitambulisho. Nimejaribu kukuombea, nikamwambia Yesenia kwamba wewe ndiye uliyenilea. Kasema hata wewe. Nikamuuliza, na je, akija na kuku wa kukaanga? Akafikiri, akasoma sheria zote zilizobandikwa ukutani kuanzia ya kwanza, kidole kikifuata mstari. Akasema kuku anaingia.

Mdogo wako,
Thurman